Kilima Mwishoni mwa Neno

Francine hakujua kukasirika kimyakimya. Kijiji kizima cha Kashebere kilimjua kwa mafuta yake ya mawese na kwa mdomo wake, na wanunuzi waliotoka mbali kuyafuata mafuta, mdomo waliupata bure. Aliikasirikia mvua, akawakasirikia mbuzi wa jirani, akamkasirikia padri aliyechelewesha misa. Na siku ambayo hapakuwa na la kumuudhi, alikuwepo Védaste, mume wake.

Védaste alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa kwenye milima ya juu ya Mweso, akateremka akiwa kijana mpaka huku msitu unapoanzia, akaoa hukuhuku. Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele. Meno hayo aliyaacha kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, zamani, kabla hajamjua Francine. Wenye bunduki walimsimamisha wakamtaka atoe salamu, akaitoa, na namna alivyoitamka ikawaambia anatoka wapi. Hawakuuliza la pili. Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Hebu fikiri: mtu anavunjwa meno kwa sababu ulimi wake ulilelewa na mama yake! Mwingine angejifunza kunyamaza. Védaste akaapa kwamba atatengeneza lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumnyonyesha nayo mtoto.

Na akaitengeneza. Ilimchukua miaka, jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi na Jumapili baada ya misa, huku mke wake akimwuliza kama maneno hayo yanaliwa.

Hakuokota maneno ovyo. Alisema maneno tuliyoyarithi ni mabubu: ukimwambia mgeni “kiazi”, neno lenyewe halimwambii kama kiazi kinaruka au kinalia. Yeye alitaka neno lijieleze. Kwa hiyo kwanza akaigawa dunia mafungu. Wazo la mafungu alilipata kwa Francine, alipomwona sokoni akipanga bidhaa juu ya turubai, na Francine hakuchoka kumkumbusha. Vyenye pumzi vikaanza na *ga*. Vinavyoota vikaanza na *po*. Vilivyofanywa kwa mikono, *te*. Na vile visivyoshikika, njaa, aibu, hamu, hofu, vikapewa *nu*. Kila fungu akaligawa tena, na tena. *Pona* ni kitu kinachoota na kuliwa kutoka chini ya udongo. *Ponatu* ni kiazi, *ponadi* ni muhogo. Ukisikia neno usilolijua lakini limeanza na *pona*, unakwenda kuchukua jembe. Sauti za l na r, s na z, alizitupa nje kabisa, maana hizo ndizo zinazomchongea mtu njiani, na baadhi yake zilimshinda hata yeye mwenyewe kwa sababu ya pengo.

Watu walicheka sana. Halafu, kama ilivyo kawaida ya watu, wakaanza kuisema. Siku ya soko pale Kashebere hukutana wenye maharage na jibini kutoka milima ya Masisi na wenye mawese na ndizi kutoka upande wa Walikale, na kila mmoja ana lugha ya kwao na ana sababu ya kuificha. Lugha ya Mwalimu haikuwa ya mtu. Ukiisema, hujulikani. Akina mama waliishika upesi kuliko wanafunzi, na Francine, aliyeidharau mbele za watu, aliijua kuliko wote.

Hata wawindaji walikuja kudai haki yao. Védaste alikuwa amemweka kakakuona katika fungu la wanyama wa miguu minne wapandao miti, na siku moja wazee wakaingia uwanjani kwake wamekunja nyuso.

“Mwalimu,” wakamwambia, “kakakuona haiko nyama ya kila kinywa. Ukimuua, hauwezi kumukula na bibi yako kwa nyumba. Kuko wenye kumukula na kuko masharti yake. Sasa wewe unamuweka pamoja na nyani?”

Védaste aliwaomba radhi. Akamtolea kakakuona fungu lake peke yake, *wo*, ambalo ndani yake hamna mnyama mwingine. Wazee wakaondoka wameridhika, na Védaste akatembea wiki nzima kifua mbele.

Kisha akafika kwa mtu.

Mtu aliitwa *gamu*. Mwanamke, *gamufe*, mwanamume, *gamuko*. Francine alisema hapo inatosha, funga duka. Lakini Védaste alikuwa mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu akikutana na mwenzake njiani, kabla hajamwuliza jina anamwuliza kilima. Kitovu cha baba yako kilizikwa wapi? Ukimjibu, ndipo anakuwekea kiti. Mwenye jina bila kilima anaonekana mwizi au mwendawazimu. Katika lugha hii kila neno lilipaswa kusema kitu hicho ni nini hasa, na Védaste alipojiuliza mtu ni nini hasa, hakuona jibu lingine: mtu ni wa kilima fulani. Akaongeza sauti ya mwisho. Kashebere ikawa *bi*. Milima ya juu ya Mweso ikawa *ndo*. Kila upande ukapata yake.

“Kakakuona umemupa fungu yake ya heshima,” Francine akamwambia, “na muntu unamufunga mukia? Védaste, zile meno mbili haikukutosha?”

“Haiko mukia. Njo heshima yenyewe. Muntu bila kilima iko muntu gani?”

“Iko muntu mwenye kupita bariere!”

Védaste akacheka, pengo wazi. Francine alitamani kumrushia mwiko. Alikuwa amemwona mwanamume huyu akiamka usingizini ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, na sasa mwanamume huyohuyo anatengeneza kwa mikono yake kile kilichomvunja meno, halafu anakiita heshima. Lakini hasira ya mke nani aliwahi kuisikiliza? Watu walilipokea neno lile kwa shangwe. Wanawake wakawa wanaitana sokoni kwa sauti, *Gamufebi! Gamufebi!*, mwanamke wa Kashebere, na Francine mwenyewe, baada ya kununa mwezi mmoja, akaanza kuitikia. Lilikuwa tamu kulisema, na huo ndio ukweli.

Binti yao Naomie alizaliwa Kashebere, akajifunzia kutembea katikati ya bido, yale madumu ya mawese ya mama yake. Lakini kwa desturi mtoto ni wa kilima cha baba, kwa hiyo yeye alikuwa *gamufendo*. Alilipenda neno hilo, kwa kuwa baba yake ndiye aliyemtengenezea. Alikuwa anasomea uuguzi huko Mweso, na kila likizo ilipokwisha alipanda pikipiki kupitia barabara ya Masisi kurudi shuleni.

Basi mwaka huu mambo yakaharibika tena, kama yanavyoharibika kila mara, na kama kila mara wakatokea vijana waliojiita komite ya ulinzi, wakafunga kamba katikati ya barabara ya Masisi kuwasaka watu wa milima ya juu. Wengi wao hawakuwa wa Kashebere. Mkubwa wao, Albert, alitoka mbali ndani ya Walikale, na hakuwajua wakazi kwa sura wala kwa wazazi. Mwanzoni waliomba kitambulisho. Lakini karte hiyo inanunuliwa, kila mtu anajua. Ndipo mmoja wao akagundua kwamba watu wa njia hii wana lugha moja ya ajabu, na kwamba katika lugha hiyo ukimwuliza mtu “wewe ni nani”, mdomo uliozoea unajibu kabla mwenyewe hajafikiri. Na ukijibu, umekwisha kusema kila kitu.

Francine aliposikia, alimfuata mume wake hadi darasani, mbele ya wanafunzi.

“Kata ile mwisho! Leo!”

“Niikate namna gani, Mama Naomie? Iko kwa midomo ya batu yote.”

“Uliiweka weye!”

“Niliiweka ju ya watu waheshimiane!”

“Basi nenda pale kwa kamba ukawafundishe heshima!” Védaste hakwenda, bila shaka. Alibaki ameshika chaki.

Naomie alikuwa na mitihani. Hakukubali kungoja. Mama yake alimkalisha chini akamwambia: ukifika kwenye kamba, wewe ni *gamufebi*. Mwanamke wa Kashebere. Si uongo, umezaliwa hapa. Naomie akaitikia ndiyo, akajaribu kulisema mara kadhaa, akapanda pikipiki ya Pierre, kijana wa mtaani kwao aliyembeba kila muhula. Francine akaenda sokoni, akapanga mafuta yake, na wateja wa asubuhi hiyo walikiona cha moto.

Haikupita muda mrefu Pierre akarudi peke yake.

“Mama Francine, wamemushusha! Wamemuuliza, na yeye amejibu *gamufendo*. Imemutoka tu!”

Francine aliacha bido wazi, akapanda pikipiki nyuma ya Pierre na kitenge kimefunguka nusu. Njia nzima alikuwa anasema, hakuna aliyesikia anasema nini kwa kelele za injini. Aliona meno ya Védaste. Aliona mdomo wa Naomie.

Kwenye kamba, Naomie alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, amejishika mikono. Vijana walikuwa wamemzunguka, wamesimama, na Albert katikati na fimbo yake. Na karibu kabisa na Naomie, amebeba begani sakoshi ya binti, mkoba wake wa safari, kana kwamba ni mali yake mwenyewe, alisimama Déo.

Huyo Déo Francine alimjua kabla hajawa na jina. Mama yake, Nadine, aliingia Kashebere akikimbia vita, na mimba kubwa, na hakuwa na mtu. Francine ndiye aliyempokea, na mtoto alizaliwa juu ya mkeka wa Francine. Watu waliambiwa baba wa mtoto ni mchimbaji mwenye asili ya Kashebere aliyefunikwa na shimo la madini huko Walikale, na hakuna aliyedadisi. Kwa hiyo mtoto akawa *gamukobi*, mwanamume wa Kashebere, sawa na wenzake. Ukweli Nadine alimwambia Francine peke yake, katika uchungu wa kuzaa, akimng'ang'ania mkono: baba ni wa milima ya juu ya Mweso. Kilima kimoja na Védaste. Mdomo ule usiofungika ukafungwa kwa ajili ya Nadine, na miaka yote hiyo haukufunguka hata mara moja.

Francine aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama.

“Mutoto yangu amekosa nini? Semeni! Amekosa nini?”

“Mama, tulia,” Albert akasema. “Yeye mwenyewe njo amesema. Haiko wa hapa.”

“Haiko wa hapa! Weye uko wa hapa? Mama yako iko wapi hapa? Nani hapa alikuogesha? Hii mutoto alizaliwa pale, ile nyumba ya mabati, uliza batu yote! Weye umefika na kamba yako juzi, unatuuliza siye tuko banani?”

Wengine walicheka kidogo. Mmoja akasema mama huyu ana mdomo. Albert hakucheka, alisema tu kwamba neno limekwisha kusemwa na binti hatoki. Francine akageuka huku na huku akitafuta pa kupigia, na macho yake yakatua kwa Déo, na sakoshi ya Naomie begani kwake. Déo alikuwa anamtazama moja kwa moja, anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake anyamaze.

Anyamaze! Huyu, aliyezaliwa juu ya mkeka wake, anamnyamazisha!

“Na weye!” akafoka. “Weye pia, Déo? Njo weye unabeba bitu ya mutoto yangu? Waambie basi na weye uko nani! Hautaki? Nitasema miye. *Gamukondo!* Baba yake iko wa kilima moja na bwana yangu, juu ya Mweso! Mumusikie! *Gamukondo!*”

Alilisema neno hilo kwa ufasaha, kila sauti mahali pake. Hakuna mwanafunzi wa Védaste ambaye angelisema vizuri zaidi.

Hakuna aliyecheka. Vijana walimwangalia Déo, halafu mmoja wao, aliyekuwa amemwegemea bega, akasogea pembeni. Déo alishusha sakoshi taratibu akampa Naomie, na hakumwangalia tena Francine.

“Mama,” Albert akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, “chukua binti yako, muende.”

Pierre alikuwa amekwisha kugeuza pikipiki akakimbia zake, kwa hiyo walirudi kwa miguu. Francine alimshika binti yake mkono akamvuta, na alikuwa bado anatukana, safari hii kwa furaha. Alikuwa ameshinda. Aliwapasha wale washenzi, akamtoa mtoto wake mikononi mwao mzimamzima. Walipopita kona, Naomie akaung'oa mkono wake.

“Mama, ju ya nini umesema vile?”

“Vipi?”

“Déo njo alikuwa ananitetea! Batu ya Albert walitaka kunipeleka kwa pori. Yeye alichukua sakoshi, akasema aliniona nazaliwa, akasema kama wananipeleka wamupeleke na yeye. Tangu wamenishusha hajatoka pembeni yangu.”

Francine alisimama. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, ya moto, na haikuwa na pa kwenda.

“Turudi,” Naomie akasema.

“Tembea.”

“Mama, turudi!”

“Tembea, nimesema!” Akamsukuma mbele mpaka nyumbani, na hakugeuza shingo nyuma, kwa kuwa aliogopa kuona kama barabara ina mtu.

Védaste alikuwa uwanjani, ameacha darasa. Alimkumbatia binti yake akalia waziwazi, naye Francine akamrukia. Alimwambia yote. Kwamba yeye ni mjinga aliyesoma. Kwamba alichukua hofu yake akaitengenezea sauti tamu akaigawa kwa watoto. Kwamba bariere alizotengeneza yeye hazina kamba, mtu anatembea nazo mdomoni. Kwamba sasa hivi kijana wa watu yuko mikononi mwa Albert kwa ajili ya neno lake.

“Kijana gani?” Védaste akauliza.

“Déo.”

Védaste alifuta macho kwa mkono wa shati. Alikuwa haelewi. “Lakini Déo ni *gamukobi*. Kila muntu anajua vile. Nani aliwaambia tofauti?”

Francine aligeuka akatoka uwanjani, na Védaste akabaki anaita nyuma yake.

Nadine aliishi nyumba ya mwisho, upande wa barabara ya Masisi. Alikuwa nje anachekecha unga wa muhogo, mikono myeupe mpaka viwikoni. Alipomwona rafiki yake alicheka, akamwita kwa lugha ya soko, kama walivyoitana kila siku.

“*Gamufebi!* Leo haukuuza?”

Francine hakuitikia. Alikaa chini, juu ya udongo, hakungoja kiti. Na yeye aliyejua lugha ile kuliko wote alisema kwa Kiswahili cha kila siku, na sauti ikawa ndogo.

“Mama Déo. Miye nimemutaja mutoto yako. Kwa bariere. Nimetaja kilima ya baba yake.”

Chekecheo likasimama.

“Umemutaja mbele ya nani?”

“Mbele yao yote.”

Nadine hakupiga kelele. Francine aliomba moyoni apige, amtukane, amkwaruze uso, maana hayo angejua namna ya kuyapokea. Nadine aliweka chekecheo chini, juu ya mfuko, akahakikisha halitapinduka.

“Miye njo nilimutuma pale,” akasema. “Asubuhi. Nilimuambia: usitoke kwa ile kamba mpaka Naomie apite.”

Alijipangusa unga kwenye mapaja, akasimama, akakaza kitenge kiunoni. Francine naye akasimama.

“Na Naomie,” Nadine akauliza, “alifika?”

“Iko nyumbani.”

Nadine akaitikia kwa kichwa, akashika barabara ya Masisi.